Chupa ya Karafuu Mlangoni

Jumanne, 16 Machi

Bi Mvuke, dada yangu,

Jana walipokuja kukuchukua nyumbani hukutaka kulala kwenye kile kitanda cha magurudumu. Ulisema utakaa, kwa sababu wewe si mgonjwa wa kubebwa, ni mgonjwa wa kusindikizwa. Mhudumu wa gari alicheka ndani ya barakoa yake. Mimi nilikuwa nje ya geti na mfuko wa machungwa, nami nikacheka. Kisha mlango wa gari ukafungwa na machungwa yakabaki mkononi mwangu.

Leo nimekupigia simu mara tatu. Mumeo, Mwalimu, ndiye aliyepokea mara ya tatu. Amesema simu umeiacha kwenye chaji, na kwamba wodini hawaruhusu mtu kuingia wala barua. Basi nimenunua daftari hili. Nitakuandikia habari zote za kazini, ili ukirudi usije ukasema mdogo wako alikuficha mambo.

Ya kwanza ni hii: kliniki imefungwa. Majibu ya kipimo chako yalipofika, Daktari alitukusanya uani, mimi na Redio wa mapokezi, akasema kila mtu akae kwake siku kumi, halafu tutapimwa. Redio aliuliza kama atakaa siku kumi bila kuongea na mtu. Daktari akamwambia simu haiambukizi. Unamjua Redio, alishukuru kama aliyeongezewa likizo.

Mimi mzima. Sikohoi, sina homa.

Jumatano, 17 Machi

Mvua imeanza. Chumba changu kinavuja pale pale pa mwaka jana.

Ijumaa, 19 Machi

Daktari amepiga simu. Amepitia kitabu cha wagonjwa na anasema amempata aliyetuletea. Ni yule fundi rangi aliyekuja Jumatano ya tarehe tatu, mwenye jino la chini lililooza hadi kwenye mzizi. Unamkumbuka, alikuwa na madoa ya rangi ya kijani kwenye nyusi, ukaniuliza kama ameoteshwa majani. Alikohoa akiwa kwenye kiti, mara mbili, mdomo wazi, mashine ya kuchonga ikiwa inazunguka. Ule ukungu wa maji na mate ulijaa chumba kizima. Daktari anasema vyombo vile vilikuja kwako vikiwa bado vibichi, ukavisuuza, basi.

Akaniuliza ninaonaje.

Nikasema inawezekana.

Jumatatu, 22 Machi

Mwalimu anasema jana ulikula vijiko vinne vya uji na kumwambia muuguzi kwamba wodi yao ina vumbi juu ya dirisha. Akasema pia uliniulizia. Ulitaka kujua Nyonyamate anaendeleaje, asije akaugua, maana hana mtu wa kumchemshia hata maji.

Jina hilo ulinipa wiki ya kwanza tu niliyoingia kazini, kwa sababu ya ule mrija ninaoshika mdomoni mwa wagonjwa. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaitika.

Nilimwambia Mwalimu niko salama. Nilipokata simu sikuweza kula.

Alhamisi, 25 Machi

Tumepimwa wote watatu. Wote safi.

Redio amesema Mungu ametupenda.

Jumatatu, 29 Machi

Tumefungua. Daktari hajapata mtu wa kukaa mahali pako, kwa hiyo asubuhi namshikia mrija na katikati nakimbilia chumba chako kusafisha vyombo. Sikujua kazi yako ni nzito hivi. Mtungi wa mvuke unaunguruma kama una njaa. Leo niliufungua mapema, mvuke ukaniunguza kifundo cha mkono, nikakukumbuka ulivyokuwa ukisema mtungi huu ni kama mama mkwe, usiufungue mdomo kabla haujamaliza.

Kila kitambaa ulichokunja bado kiko rafuni. Pembe nne katikati, kisha utepe. Nimekunja vyangu mara sita na havifanani na vyako. Nimevitumia vyangu. Vyako nimeviacha.

Daktari amebandika karatasi kwenye kioo cha mapokezi, kwa upande wa ndani: watu wasioruhusiwa kuingia mpaka atakaposema mwenyewe. Kuna jina moja tu, la fundi rangi. Redio ndiye aliyeliandika, kwa herufi kubwa.

Jumatano, 31 Machi

Mwalimu hakupokea simu. Mvua mchana kutwa.

Jumamosi, 3 Aprili

Umefariki saa nne asubuhi.

Jumatatu, 5 Aprili

Tulikuwa watu tisa, kila mmoja mbali na mwenzake. Binti yako alitaka kumshika baba yake mkono, wale waliovaa mavazi meupe wakamkataza. Mwalimu alinijia hadi hatua kama nne hivi. Alisema Daktari amemweleza kuhusu yule mgonjwa aliyekohoa. Akasema anajitahidi asimchukie mtu asiyemjua, lakini kila akipita penye ukuta uliopakwa rangi karibuni anajikuta anageuza uso.

Nilisema pole. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno jingine, nikasema pole.

Alhamisi, 8 Aprili

Dada, sijui ninamwandikia nani sasa. Lakini niliahidi kutokuficha, na nimekuficha tangu ukurasa wa kwanza. Leo nitaandika.

Unakumbuka ugonjwa ulipoanza, Daktari alituketisha jioni tatu mfululizo akatufundisha. Alituchorea ubaoni namna ukungu wa mashine unavyoning'inia hewani, na kwa nini tungoje nusu saa madirisha wazi kabla ya mgonjwa mwingine. Ndipo akabuni ile ya chupa. Alisoma kwamba wengi wanaougua hupoteza kunusa kabla ya lolote, na sisi tuna mafuta ya karafuu kabatini, dawa ya jino tangu enzi za babu zetu. Basi kila mgonjwa ainuse chupa mlangoni. Asiyesikia harufu, arudi nyumbani. Akanikabidhi mimi chupa hiyo.

Nilijivuna. Nilirudisha watu saba. Mmoja alikuwa mama mtu mzima aliyelia, nikamwambia hapa hatubembelezani na maradhi. Ulinisikia, ukaniambia, "Nyonyamate, ukishapewa funguo usisahau kwamba na wewe hulala ndani."

Kila asubuhi nilianza kwa kuinusa chupa mwenyewe, kuona kama mafuta bado yana nguvu. Jumanne ya tarehe mbili Machi niliinusa, sikusikia kitu. Nikasema mafuta yamechoka. Nikafungua chupa mpya. Sikusikia kitu. Nikajiambia sisi tuliokaa miaka mitano ndani ya harufu hii pua zetu zimeshaizoea. Ni kweli, Dada, hata wewe ulisema hujaisikia karafuu tangu binti yako aanze shule. Nilijisemea hivyo na nikaridhika. Kisha akaja mgonjwa wa kwanza, muuza vitabu. Nilimfungulia chupa hiyo hiyo, akarudisha kichwa nyuma, machozi yakamtoka, akasema ni kali mno.

Hapo nilijua. Nilijua kabisa, chupa ikiwa mkononi. Nikamwambia pita ndani.

Sikumwambia Daktari kwa sababu niliona haya. Ndiyo sababu yote, hakuna nyingine. Niliwaza wale saba niliowarudisha, nikaona nitakuwa wa nane, na Redio atalisema jambo hilo mpaka uzeeni.

Mbele ya wagonjwa nilivaa barakoa mbili na ile ngao ya plastiki. Nadhani hakuna mgonjwa niliyemdhuru, nimeulizia wengi kadiri nilivyoweza. Lakini saa nne ilipofika nilikuja kwako kama kawaida. Kile chumba hakina dirisha. Tulivua barakoa zote, tukazitundika kwenye ule msumari, tukakaa goti kwa goti kwa sababu nafasi ndiyo hiyo, tukanywa chai. Kwa wagonjwa tulijikinga kama askari. Baina yetu wenyewe tuliona sisi ni wasafi, kwa kuwa sisi ndio wa kliniki.

Tulikunywa Jumanne. Tulikunywa Jumatano. Tulikunywa Alhamisi.

Fundi rangi alikuja Jumatano. Pua yangu ilikuwa imekufa tangu Jumanne.

Jumatatu, 12 Aprili

Nimeanza kunywa chai nimesimama uani, hata mvua ikinyesha. Redio ameniuliza kama nimeolewa na mvua.

Jumanne, 13 Aprili

Fundi rangi amekuja.

Daktari alikuwa amemfungua mzizi wa jino, akalisafisha, akaweka dawa ya muda na kumwambia arudi baada ya wiki mbili kulimalizia. Wiki mbili zilipotimia kliniki ilikuwa imefungwa. Leo alisimama nje ya kioo na kitambaa shavuni. Redio alimwonyesha karatasi kwa kidole, kisha akainuka akaenda ndani, akaniacha mimi mlangoni na chupa.

Aliniuliza amekosa nini. Nikamwambia ni utaratibu tu. Akaniangalia. Ni mtu mpole, anaongea taratibu kama anayeogopa kumwaga rangi.

"Ndugu yangu, utaratibu nauheshimu," alisema. "Ila jino langu halijui kusoma hiyo karatasi."

Nilimwambia aende kliniki nyingine. Akasema kwingine watang'oa tu, na sisi ndio tuliomwahidi kwamba litapona. Akaomba basi anuse chupa, aoshe mikono, asimame popote tutakapo. Aliinyoosha pua yake kuelekea kwangu kama mtoto anayefutwa makamasi.

Nikaifunga chupa. Nikamwambia samahani.

Alivuka barabara, akasimama chini ya kibaraza cha duka, akasubiri mvua ipungue. Alisubiri muda mrefu. Nilimwona muda wote.

Jumatano, 14 Aprili

Wagonjwa sita. Nimevunja kioo kimoja cha mdomoni.

Alhamisi, 15 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 16 Aprili

Naandika haya nimekaa kwenye kiti chako.

Leo saa tatu fundi rangi alirudi akiwa ameshikwa mkono na mkewe. Sikumtambua. Shavu lilikuwa limevimba hadi jicho limefumba, na uvimbe umeshuka chini ya taya. Mdomo ulifunguka kiasi cha kupitisha kidole kimoja tu. Daktari alitufundisha siku nyingi: uvimbe ukishuka shingoni, mtu anaweza kukosa pumzi. Mkewe hakuomba. Alisema hataondoka, na tukitaka tuite polisi, kwani hao nao wana meno.

Redio alisema kwa sauti ya chini kwamba huyu ndiye aliyemuua Bi Mvuke. Mkewe alisikia. Aliuliza Bi Mvuke ni nani.

Nilikwenda kwa Daktari. Alikuwa anaandika, hakuinua kichwa. Nikasema fundi rangi yuko nje na uvimbe uko shingoni. Akasema apelekwe hospitali kuu, hapa hatamwingiza. Hospitali kuu ni mwendo wa saa nzima na barabara imejaa maji.

Nilikuwa nimelipanga neno langu kwa wiki nzima, lakini halikutoka nilivyolipanga.

"Daktari, huyu hakumwambukiza mtu," nilisema. "Mimi ndiye. Nilipoteza kunusa siku moja kabla hajaja, na nikanyamaza."

Aliweka kalamu chini. Aliniangalia kwa muda wa kutosha mtu kuhesabu meno yote ya mtu mzima. Sikutazama pembeni. Kisha akainuka.

"Vaa glovu," alisema. "Hayo mengine baadaye."

Tulimlaza. Daktari alipiga ganzi sehemu tatu, akapasua ufizi, na usaha ukatoka mwingi, wa rangi ya kijivu, nami nikashika mrija na kuunyonya wote. Mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa. Hilo ndilo linaloniuma hadi sasa, kwamba kwenye kazi mkono wangu ni mwaminifu. Baada ya robo saa jicho lake lilianza kufunguka kidogo. Mtu wa kwanza aliyemwona kwa jicho hilo ni mimi. Akanipigapiga mkononi, kama kusema pole na kazi.

Walipoondoka Daktari alikaa kwenye kile kigoda cha magurudumu. Nilingoja anifukuze. Aliniuliza tarehe, nikamtajia. Aliuliza tulikuwa tunanywea wapi chai. Nikamwonyesha mlango wa chumba chako. Alikaa akiutazama.

Alisema ametufundisha jioni tatu kuhusu vinywa vya watu, na hata mara moja hakututajia vyetu. Alisema kila siku saa nne alipita penye mlango ule na kutusikia tukicheka, na akafurahi kwamba ana wafanyakazi wanaopendana. "Mganga hajigangi," alisema, lakini alilisema kama mtu anayesoma majibu ya kipimo chake mwenyewe. Hakunifariji. Ningemchukia kama angenifariji.

Mwisho alisema kwamba kwa Mwalimu atakwenda mwenyewe kueleza la kliniki na la kile chumba. "Lako utalisema wewe," alisema.

Halafu akaenda mapokezi, akaibandua ile karatasi na kuikunja mfukoni.

Jumatatu, 19 Aprili

Redio hasemi nami. Kimya chake ni kikubwa kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, 24 Aprili

Fundi rangi amemaliziwa jino. Nilimwambia ukweli alipokuwa bado na ganzi, labda kwa ujanja, ili asiweze kujibu. Lakini alingoja. Alikaa kwenye benchi nje saa nzima hadi ulimi ukarudi. Kisha akaniambia kwamba mkewe amekuwa akiogopwa sokoni tangu Redio alipoanza kuongea, na mtoto wao amehamishwa dawati. Akasema angetaka nimwambie Redio aende akayafute maneno hayo moja moja, mlango kwa mlango, kama mtu anayekwangua rangi ya zamani, maana ukipaka mpya juu yake itabambuka tu.

Nimemwambia Redio. Hayo ndiyo maneno yetu ya kwanza kwa siku nane. Alilia, kisha akasema nifuatane naye, kwa sababu ameshazoea kupeleka habari ila hajui kuzirudisha.

Jumatano, 28 Aprili

Nyumba kumi na moja. Mvua imepungua. Daktari ametoboa dirisha chumbani kwako, na kila asubuhi tunakaguana sisi kwanza, yeye akiwa wa kwanza.

Bado sijaenda kwa Mwalimu. Kila siku nina sababu.

Jumapili, 2 Mei

Nimekwenda.

Alinikalisha barazani, yeye akakaa mlangoni, nafasi ya mkeka katikati yetu. Nilimwambia yote kwa mpangilio: chupa, muuza vitabu, haya, chai. Sikusema samahani kabla sijamaliza, kwa kuwa niliona samahani ikitangulia inamfunga mtu mdomo.

Barabarani watoto walikuwa wanaruka madimbwi. Kisha aliniuliza jambo ambalo sikulitazamia.

"Jumanne hiyo, alicheka?"

Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini. Nikamwambia ulikuwa unasimulia namna Mwalimu anavyosahihisha hata orodha ya sokoni kwa kalamu nyekundu, na kwamba ulishawahi kupata saba juu ya kumi kwa sababu ya neno vitunguu. Aliinamisha kichwa. Akauliza Jumatano je. Nikamwambia ulikuwa na hasira na mtungi. Alhamisi je. Alhamisi ulinigawia nusu ya mkate wako na kusema mimi ni mwembamba, nikikaa nyuma ya mrija sionekani.

Aliniuliza tena na tena. Uliketi upande gani. Ulikuwa umevaa kitambaa gani kichwani. Nilijibu kila kitu, na kila nilipojibu nilijua kwamba namwonyesha pumzi tulizokuwa tukipeana. Yeye pia alijua. Hakuacha kuuliza.

Binti yako alitoka ndani akiwa amesikia. Hakunisalimia. Alimshika baba yake bega na kumwambia inatosha. Mwalimu akainuka.

"Sikufukuzi," aliniambia. "Wala leo sikukaribishi. Ukija tena, bisha hodi kama mgeni, nitaona siku hiyo."

Nilipofika getini aliniita. Aliuliza kama yapo mengine ninayoyakumbuka. Nikamwambia kuna daftari. Akasema nilete, na nisipunguze kitu.

Jumamosi, 8 Mei

Kesho nampelekea. Nimelisoma tangu mwanzo. Mahali nilipoandika kwamba mimi mzima nilitaka kupafuta, nikakumbuka alivyosema nisipunguze. Pamebaki. Akitaka atie kalamu nyekundu.

Kwa hiyo leo ndiyo mara ya mwisho kukuandikia. Sitakuomba unisamehe, kwa sababu ungenisamehe haraka, ndivyo ulivyokuwa, na mimi ningerudi kulala usingizi mzuri. Acha niwe macho kidogo.

Ila huko uliko, Dada, kama watu hutajana, usiniruke. Nitaje kwa jina lile ulilonipa, pamoja na nililofanya. Nikumbuke.